Kabla Ununue Trela ya Kubeba Subaru Yako, Soma Hii Kwanza

Sema ukweli: pesa yote imeisha kwa ndai. Umeweka turbo mpya, koilova, rimu, tairi za maana, na sasa kuna event Naivasha wikendi ijayo. Umebaki na swali moja tu, itafika aje? Hapo ndio wasee wengi wanapiga simu kwa beshte ya beshte ako na "trela fiti, bei ya mtaa". Shikilia hiyo simu kidogo.

Kuna msee atauliza, kwani si ndai ijiendeshe? Inaweza. Hata magari ya rali huku kwetu huwa na namba plate na hupita barabara ya kawaida kutoka stage moja hadi ingine. Shida si kwenda, shida ni kurudi. Gearbox ikikufia Jumapili saa tisa mchana huko Kedong, utarudi na nini? Na pia tairi laini za mbio ukizipeleka kwa lami kutoka Nairobi, zinaisha kabla hata haujapanga laini.

Sasa, sheria. Chini ya Sheria ya Trafiki, Sura 403, trela inasajiliwa kama vile gari inasajiliwa. Iko na logbook yake na namba plate yake, ile inaanza na herufi Z. Umeona malori nyuma imeandikwa ZF ama ZG na mbele iko na namba tofauti kabisa? Ni hiyo story. Kwa hivyo ile tabia ya kuchukua katoni, unaandika namba ya Forester yako na maka pen, unafunga nyuma ya trela na waya, haikufanyi halali. Inamrahisishia tu karao kazi.

Unaponunua, muuzaji akuonyeshe logbook. Halafu piga magoti utafute namba ya chesis, mara nyingi imegongwa kwa chuma cha mbele ama iko kwa kibao kidogo kimepigwa rivet. Zifanane. Akianza "logbook iko kwa mzee, tutaisort baadaye", wewe rudi nyumbani. Kubadilisha jina la mwenyewe kunafanyika kwa NTSA kupitia eCitizen, na kama jina lake haliko kwa system hakuna chenye atakutransferia.

Ya kuundiwa na fundi je? Usidharau jua kali. Kuna mafundi Kariobangi na Industrial Area wanachomelea trela safi kushinda za nje. Lakini ikitoka kwa fundi bado ni chuma tu. Lazima ikaguliwe na isajiliwe ndio iguse barabara. Kabla ulipe deposit muulize fundi swali moja: trela zenye ashawahi kuunda, ngapi zina plate? Akicheka, umepata jibu.

Haya, tukuje kwa hesabu, na hapa ndio wengi huanguka. Kila trela ya maana iko na uzito wa aina mbili. Kuna uzito wake ikiwa tupu, na kuna uzito wa jumla, yaani trela pamoja na kila kitu iko juu yake. Muuzaji atakwambia "hii inabeba tani mbili" na anamaanisha uzito wa jumla. Toa uzito wa trela yenyewe, kama kilo 650, unabaki na 1,350. Hiyo si tani mbili, buda.

Chukua STI ya 2004 ama 2005, ile ya macho ya "blobeye". Iko karibu kilo 1,470. Ongeza tairi nne za ziada, kama kilo 80. Jeki, toolbox, na lita 60 za petroli kwa mitungi, hapo ni kama mia ingine. Uko 1,650. Weka juu ya trela ya kilo 650 na unavuta kilo 2,300. Trela ya uzito wa jumla wa 2,000 haiwezi hiyo kazi kihalali hata kama chuma haijapinda. Unataka iliyoandikwa 2,600 ama 2,700, ndio ubaki na nafasi. Mwenye Evo X ama GT-R ahesabu zaidi, kwa sababu GT-R peke yake inapita kilo 1,700. Ya GC8 ni afueni kidogo, ziko nyingi chini ya 1,300.

Sasa geuka uangalie gari ya kuvuta. Kitabu chake kina namba mbili pia: trela yenye breki, na trela isiyo na breki. Hilux na Prado nyingi ziko kati ya kilo 2,500 na 3,500 kwa trela yenye breki. Forester nyingi ziko kati ya 1,500 na 2,000. Zote hizo, trela ikiwa haina breki, mara nyingi unarudi hadi 750. Soma hiyo tena. Hakuna STI, Evo ama GT-R utaweka juu ya trela ibaki chini ya kilo 750. Kwa hivyo trela ya gari isiyo na breki zake, hata iwe imepakwa rangi aje, iache.

Nasema hivyo kwa sababu nilikuwa ndani. Tulikuwa wanne kwa Forester, tunavuta WRX ya jamaa yetu, trela ya kuazima, bila breki. Kutoka Nairobi hadi Rironi ilikuwa rieng safi, ngoma iko juu, watu wanapiga video. Halafu tukaanza kushuka ile escarpment ya Mai Mahiu. Kwanza ukaskia kama mtu anatusukuma kutoka nyuma. Dereva akakanyaga breki, gari ikapunguza mwendo, trela haikupunguza. Ikaanza kucheza, kushoto, kulia, kushoto. Mbele kuna lori, upande kuna bonde. Hakuna mtu aliongea. Ilibidi ashuke hadi gia ya kwanza akaiacha injini ilie, na tukasimama kwa vibanda vya wauza ngozi za kondoo, breki zinatoa moshi kama jiko. Karao alikuwa hapo. Alizunguka trela mara moja tu, akauliza: "Boss, hii kitu ni ya nani?" Hakuna mwenye alijibu, kwa sababu kusema ukweli hatukuwa tunajua.

WRX ilirudi Nairobi siku hiyo hiyo, juu ya lori ya breakdown, na bei ya hiyo breakdown ingelipa kukodi trela halali mara kadhaa.

Breki za trela zinafanya kazi aje? Nyingi za kutoka Uingereza na Ulaya zina breki za msukumo. Ukikanyaga breki mbele, trela inasukuma kichwa chake kwa mpira wa towbar, fimbo inarudi nyuma, inavuta kebo, na ngoma za magurudumu zinashika. Hakuna umeme, hakuna kompyuta. Kuikagua ni rahisi: vuta hendibreki ya trela juu, halafu jaribu kuivuta na gari polepole. Ikiteleza kama haijashikwa, kebo zimelegea ama breki zimeisha. Shika pia ile fimbo ya mbele uisukume kwa nguvu. Inafaa iwe na upinzani na irudi yenyewe. Ikiingia tu kama sindano ya daktari, hapo ndani kumekufa. Na ujue jambo moja, kwa mteremko mrefu trela inasukuma muda wote, kwa hivyo breki zake zinashika muda wote na zinachemka. Ndio maana Mai Mahiu unaanza na gia ya chini ukiwa bado juu, si ukishaskia harufu.

Lazima pia kuwe na ile kebo nyembamba inafungwa kwa gari, inayovuta breki za trela zikishika kama trela imechomoka. Usiifunge juu ya mpira wa towbar, ifunge mahali pake.

Mpira wenyewe una mchezo wake. Trela za Ulaya zinatumia mpira wa milimita 50. Za Marekani nyingi ni inchi mbili, yaani milimita 50.8. Ukiangalia kwa macho zinafanana, na kichwa cha Kimarekani kitakaa kwa mpira wa Ulaya vizuri tu, mpaka siku ugonge bampu vibaya. Kopa vernier kwa fundi, pima. Na plagi ya mataa, angalia kama ni ya pini 7 ama 13. Trela nyingi za Ulaya zinakuja na 13 na gari zetu nyingi zimewekewa 7, kwa hivyo nunua adapta kabla ya siku, si asubuhi ya siku. Indiketa, breki, taa za usiku, rifleketa, zote zifanye kazi. Beba zile pembetatu mbili za lifesaver.

Tairi ndio mahali muuzaji huficha maneno. Kwa ubavu wa tairi, baada ya saizi, kuna namba ndogo ya uwezo wa mzigo. 79 ni kilo 437. 98 ni kilo 750. Sasa mtu anachukua tairi nne za Vitz za namba 79 anaweka kwa trela ya ekseli mbili. Mara nne ni kilo 1,748, na wewe unavuta 2,300. Tafuta zile zina herufi C, za van. Halafu soma tarehe, namba nne mwisho wa maandishi ya DOT: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2016. Tairi ya trela haiishi meno sana, inazeeka tu ikiwa imesimama kwa jua, halafu inapasuka.

Kuna kitu watu wa Subaru wanafaa kujua. Injini ya boxer imekaa mbele ya ekseli ya mbele kabisa, kwa hivyo uzito mwingi uko puani. Ukipandisha gari ikiangalia mbele, pua inalemea towbar, na ukiipandisha kinyumenyume, mkia wa trela unalemewa na hapo ndio kucheza kunaanza. Unataka uzito kidogo mbele, kama kilo 100 hadi 150 kwa mpira kwa mzigo wetu wa 2,300, bila kupita kile towbar imeandikwa. Sogeza gari sentimita kumi mbele ama nyuma mpaka ikae. Mizani ya kupima mwili na kipande cha mbao chini ya gurudumu la mbele la trela inatosha kukupa namba. Ukishaipata, weka alama ya rangi kwa sakafu ya trela na hautapima tena.

Na kama ndai imeshushwa, pima urefu wa ramp. Sakafu ya trela ikiwa sentimita 55 juu na ramp ni mita 1.8, mteremko unafika karibu digrii 18, na bampa yako ya mbele itabaki hapo chini ikikuaga. Trela inayoinamisha sakafu yote inasaidia sana, ama tafuta ramp ndefu. Winchi si urembo, kwa sababu gari isiyowaka haipandi yenyewe.

Leseni sasa. Class B ni ya gari ndogo, CE ndio ya lori kubwa na trela. Ukishapata ile namba yako ya jumla, gari na trela na mzigo, ipeleke NTSA uulize leseni yako inaruhusu. Fanya hivyo hivyo na bima. Bima ya gari ya kuvuta si lazima imejua kuna trela, wala si lazima imejua juu ya trela kuna STI. Taka jibu kwa barua pepe, si kwa simu. Na Prado na trela yako pamoja zinaweza kupita kilo 4,500, na sheria ya mizigo ya Afrika Mashariki inaanza kuangalia kutoka kilo 3,500. Ukiendelea Nakuru utapita mizani ya Gilgil, ukienda Voi kuna Athi River na usishangae ukielekezwa uingie. Kama hesabu yako iko sawa hiyo ni dakika chache tu.

Kama unaenda event mbili kwa mwaka, usinunue. Kodi trela yenye makaratasi, ama gawaneni bei na mbogi yenu, ama lipa flatbed. Nunua kama unatoka kila mwezi.

Siku ya kutoka, funga magurudumu yote manne na mikanda ya ratchet, si body, kwa sababu ukifunga body gari itaruka kwa springi zake na mikanda italegea. Weka ndani ya gia na hendibreki. Hakuna mtu anakaa ndani, hata kwa video. Ukifika petrol station ya kwanza, simama, kaza mikanda tena, gusa kila gurudumu la trela na kiganja. Moja ikiwa moto kushinda zingine, hiyo ni bearing ama breki imeshika, na bado uko karibu na Nairobi.