Puran Singh wa Kericho

Sant Puran Singh (1898–1983) alikuwa mcha Mungu na mwalimu wa dini ya Kalasinga. Alizaliwa Punjab akahamia Kenya, akaishi miaka mingi Kericho, mji wa mashamba ya chai, akifanya kazi za karakana. Hakujitenga na dunia: alioa, akala jasho lake, na jioni akafundisha maandiko ya Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu cha dini hiyo. Hapo ndipo ukubwa wake. Miaka ya 1970 alihamia Birmingham, Uingereza, akaanzisha Guru Nanak Nishkam Sewak Jatha, jumuiya ya kujitolea bila malipo. Baadaye jumuiya hiyo, ikiongozwa na Mohinder Singh, mzaliwa wa Uganda, ilifungua shule Uingereza. Kericho kuna gurdwara, yaani hekalu la Kalasinga, kubwa ya kumbukumbu ya Puran Singh, inayolisha kila mgeni bure.