"Stark": neno gumu lenye mkia

Wadau, kuna neno moja la Kiingereza linalotumika hovyo kwenye vyumba vya habari: "stark". Kila tofauti ya tajiri na maskini ni "stark contrast". Mtafsiri naye anaandika haraka "tofauti ya wazi", habari inakwenda mtamboni. Je, maana yake ni hiyo tu?

Tuanze na asili. Katika Kiingereza cha kale liliandikwa "stearc", yaani gumu, kakamavu, lenye nguvu. Mjerumani, ambaye lugha yake ni ndugu wa Kiingereza, mpaka leo akisema "stark" ana maana ya nguvu. Nayo "stark naked", uchi kabisa, ina kisa cha kuchekesha. Zamani ilikuwa "start naked", na "start" lilikuwa neno la mkia. Uchi mpaka mkiani! Watu waliposahau mkia, wakachomeka "stark". Mswahili naye anasema uchi wa mnyama. Naona tumekutana njiani.

Kwa nini basi "wazi" haitoshi? Kwa sababu wazi ni kile kinachoonekana tu. "Stark" ina ugumu ndani yake.

Chukua Dar es Salaam. Mwaka 1891 Wajerumani walitoa kanuni ya ujenzi iliyogawa mji kwa aina ya majengo. Waingereza walipoutwaa, wakaendeleza mgawanyo huo kwa kanda tatu. Ndiyo Uzunguni, Uhindini na Uswahilini tulizozisikia kwa wazee. Kati ya Uhindini na Kariakoo ya Waafrika paliachwa eneo tupu, Mnazi Mmoja, makusudi kabisa, ili watu wasichanganyike. Tofauti hiyo haikuota kama uyoga. Ilipimwa, ikachorwa, ikapigwa muhuri.

Ukiandika "tofauti ya wazi", msomaji anaona nyumba mbili, anasikitika, anafungua ukurasa wa michezo. Haulizi nani aliyechora mstari, wala kwa nini haujafutika.

Binafsi napendekeza "tofauti sugu". Tunalo neno tayari: umaskini sugu, mhalifu sugu, maradhi sugu. Lina ugumu ule ule wa "stearc", tena lina historia ndani yake, maana sugu haioti kiganjani bila mpini wa jembe.

Mnasemaje?