Dawa ya kupaka kwenye plastiki: historia ya mrija usiogandisha damu

Wiki hii hapa kampasi hakuna kulala, kila kozi inataka prezentesheni. Mimi nimeangukia historia ya vifaa vya hospitali, na humo ndani nimekutana na kisa ambacho nikikaa nacho peke yangu nitakuwa mchoyo. Swali lake ni dogo tu: unafanyaje dawa ikae kwenye plastiki, isiondolewe na damu inayopita, na bado ifanye kazi?

Tuanze na tatizo lenyewe. Damu ikiwa ndani ya mshipa inapita raha mustarehe, kwa sababu ukuta wa mshipa uko hai na unaizuia isigande. Itoe hiyo damu uipitishe kwenye mrija wa plastiki, haichukui muda inaanza kuganda. Ndivyo ilivyoumbwa: ikigusa kitu kigeni inafanya kama imekutana na jeraha, inaziba. Kwenye kidonda hiyo ni neema. Kwenye mashine ya kusafisha damu ya mgonjwa wa figo, au ile inayoshika kazi ya moyo na mapafu wakati wa upasuaji, ni balaa. Bonge likikatika likafika kwenye ubongo, mtu anapooza au anakufa.

Dawa ya kuzuia ilipatikana kwa njia ya ajabu kidogo. Mwaka 1916, chuo cha Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Jay McLean alikuwa akifanya utafiti chini ya Profesa William Howell. Kazi yake ilikuwa kuchunguza vitu vinavyogandisha damu. Kwenye ini la mbwa akakuta kitu kinachofanya kinyume kabisa! Mwanafunzi jamani, kama mimi na wewe. Mwaka 1918 Howell alileta jina la heparini, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya ini. Ikabidi kusubiri mpaka miaka ya 1930, watafiti wa Toronto na Stockholm walipoisafisha vizuri, ndipo ikaanza kutumika kwa binadamu. Siku hizi nyingi inatengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Najua kuna wadau wameshtuka hapo, lakini ndio ukweli wenyewe.

Tarehe 6 Mei 1953, John Gibbon wa Philadelphia alimpasua mgonjwa moyo huku mashine ikishika kazi ya moyo na mapafu, akapona. Bila heparini hilo lisingewezekana. Ila ngoja kwanza. Ukiimwaga heparini kwenye damu yote, unazuia kuganda kila mahali, hata pale kisu kilipopita. Ukiweka kidogo, mrija unaziba. Ukiweka nyingi, mgonjwa anavuja damu. Daktari anatembea juu ya kamba.

Ndipo likaja wazo: kwa nini dawa isikae kwenye plastiki tu, mahali penye ugomvi?

Mwaka 1963 Vincent Gott na wenzake walitangaza njia yao. Walipaka grafiti, ile kaboni ya kwenye penseli, juu ya kifaa. Juu yake wakaweka benzalkonia, dawa ya kuulia vijidudu ambayo molekuli zake zina chaji chanya. Kisha wakaweka heparini, ambayo ina chaji hasi nyingi mno. Chanya na hasi zikavutana, heparini ikanata. Shangwe!

Lakini kitu kilichoshikwa na mvutano wa chaji peke yake ni kama khanga ya bei rahisi: inachuja. Damu imejaa chumvi na protini, navyo vina chaji zake. Taratibu vinachukua nafasi, heparini inaondoka na mkondo. Halafu grafiti ni ngumu, haifai kwenye mrija unaopinda.

Mwaka 1971 Lagergren na Eriksson wa Sweden wakaja na jibu la kuimarisha. Walitumia glutaraldehaidi, kemikali inayotumika pia kutengeneza ngozi, wakaunganisha molekuli za heparini zenyewe kwa zenyewe mpaka zikawa kama wavu. Sasa hazichuji hovyo.

Hapa ndipo mimi nilipokaa vizuri kwenye kiti. Heparini haizuii damu kuganda kwa mkono wake mwenyewe. Inadaka protini ya damu iitwayo antithrombini, inaiamsha, na hiyo ndiyo inayokwenda kuzima vimeng'enya vya kugandisha. Pa kudakia ni kipande kifupi cha sukari tano tu katika mnyororo mrefu. Sasa ukiufunga mnyororo kila upande, kile kipande kinaweza kubanwa, antithrombini isipate pa kushika. Yaani umemwajiri mlinzi, halafu ili asitoroke ukamfunga mikono na miguu. Yupo getini kweli, lakini mwizi anapita.

Mwaka 1983 Waswidi wengine watatu, Larm, Larsson na Olsson, wakamfungua mikono. Waliikata heparini kwa asidi ya nitrasi ili kila kipande kibaki na ncha moja inayoweza kushikana na kitu kingine. Ncha hiyo wakaifunga kwa bondi imara ya kikemia kwenye tabaka lililopakwa juu ya plastiki. Mwili wote uliobaki unaelea huru ndani ya damu, kama mwani ulioshika jiwe. Uzuri zaidi, heparini haiishi kwa kutumika: inadaka antithrombini, inaiamsha, inaiachia, inasubiri nyingine. Njia hiyo ikaingia sokoni kwa jina la Carmeda, ikatumika kwenye mirija ya mashine ya moyo na mapafu, na baadaye kwenye mishipa ya bandia.

Msidhani vita vimeisha. Kifaa lazima pia kivumilie kuuliwa vijidudu na kukaa stoo, na mionzi ya gama, kwa mfano, inaiharibu heparini. Protini za damu nazo huufunika uso wa plastiki. Wakati wa UVIKO-19, mashine za kuongeza oksijeni kwenye damu ziliendelea kuganda hata zenye mirija iliyopakwa dawa, na mgonjwa wa upasuaji wa moyo bado anachomwa heparini.

Kilichonigusa ni jinsi swali lilivyobadilika ndani ya miaka 20. Mwanzo waliuliza itakaaje. Walipofanikiwa kuikalisha, wakakuta kukaa peke yake hakumsaidii mgonjwa, ikabidi waulize itakaaje na bado ifanye kazi. Na mgonjwa aliyelala pale hajali imeshika kiasi gani, yeye anataka damu ipite.

Prezentesheni ni Alhamisi. Nyie wa famasi, nileteeni maswali magumu kabla profesa hajaniletea.