Wuli ya Kibuye Haina Kondoo

Najua Kisumu hakuna baridi. Kabla uulize nani anafuma skafu kwenye jua la saa nane pale Kondele, ngoja nieleze. Skafu ni ya Dani. Ana miaka sabini na kitu, na kama nyanya wengi wa huku, wikendi zake nyingi huishia matangani. Mnakesha nje, moto wa magenga unawaka mbele yenu, miguu inachomeka, halafu saa tisa usiku upepo unakuja na kukupata shingoni. Akaniambia, "Nyakwara, nifumie kitu cha shingo. Kiwe laini. Na kisiwe cha manyoya ya kondoo, yananiwasha."

Mfukoni nilikuwa na soo tano. Niliacha kampasi mwaka wa pili juu ya karo, na sasa naishi kwa vidio, so sina jeuri ya bei.

Jumapili nikaenda Kibuye. Mama wa nyuzi akanitolea mpira wa uzi wa zambarau, laini kabisa. "Chukua hii wuli, customer." Nikamuuliza ni ya kondoo gani. Akaniangalia kama mtu aliyepotea. "Wuli ni wuli."

Na hapo ndipo shida inaanzia. Kenya hii, kila uzi mnene ni wuli. Ile wasichana husukia rasta tunaita Brazilian wool, na hakuna kondoo aliyewahi kuiona. Hiyo ni akriliki, uzi unaotokana na mafuta ya petroli. Kampuni ya DuPont ya Marekani ndiyo iliyouingiza sokoni kwa wingi mwaka 1950, kwa jina la Orlon, ikiuuza kama kitu cha kuchukua nafasi ya manyoya ya kondoo. Jina la kondoo likabaki, kondoo mwenyewe akaenda.

Sichukii akriliki. Ni nyepesi, ina joto, haiwashi, rangi haichuji upesi, na sweta yako ya shule karibu hakika ilikuwa hiyo. Lakini nilimwomba mama kipande kidogo, nikakiwasha kiberiti pale pale. Kama hujawahi kujaribu, jaribu nje, mbali na vitu. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu la kijivu. Manyoya ya kondoo hunuka nywele zilizoungua. Akriliki huyeyuka, inadondoka, halafu inakuwa kidonge kigumu cheusi. Sasa piga picha cheche moja ya magenga imetua kwenye shingo ya Dani, na uzi unayeyukia kwenye ngozi.

Basi pamba. Mama akavuta mpira mmoja kutoka chini ya meza, mdogo, wa kutoka nje. Kwa bei yake ningepata mipira mitatu ya akriliki. Na skafu moja inataka mipira kadhaa, juu pamba ni nzito na haivutiki.

Enyewe nilikasirika. Pamba! Hapa! Ufuo huu wote ulishawahi kulimishwa pamba.

Reli ilifika hapa mwaka 1901, wakati Kisumu ikiitwa Port Florence. Mwaka 1903 mbegu za pamba zikaanza kugawiwa wakulima Uganda, na kwa muda mrefu pamba yao ilivuka ziwa kwa meli kama Winifred na Sybil, ikapandishwa treni hapa Kisumu, ikaenda Mombasa. Safari iliishia Uingereza, kwenye viwanda vya Lancashire. Mji wetu ulikuwa mlango tu. Mzigo unapita, wewe unabeba.

Halafu wakataka na sisi tulime. John Ainsworth alikuja kuwa mkuu wa Nyanza mwaka 1907, akasukuma pamba na simsim. Hapa ndipo wazee wetu walinifurahisha. Simsim waliikubali haraka, juu simsim unaweza kula, unaweza kukamua mafuta, na bei ilikuwa nzuri. Pamba huwezi kuila njaa ikija. Inataka palizi wakati ule ule mtama unataka palizi, na bei anapanga mtu usiyemjua. Kwenye vitabu vya wakoloni utaona wakilalamika kwamba Mwafrika ni mvivu. Mimi naona watu waliopiga hesabu. Lakini kodi ya nyumba ililipwa kwa pesa, na pesa lazima itoke mahali, kwa hivyo pamba ikaingia polepole, kutoka Samia hadi Karachuonyo, hasa kwenye zile sehemu kavu za ufuo.

Kufuma kwenyewe kulikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilianzisha Maendeleo ya Wanawake, na vikundi vyake vikawafundisha kina mama kupika, kushona na kufuma. Fikiria hiyo picha: mama ana pamba shambani, anauza magunia, kisha anatembea hadi kwa duka kununua uzi. Dani alijifunza kufuma kwa mama yake hivyo hivyo. Baba naye alijifunza shuleni, kizazi cha kwanza cha 8-4-4 iliyoanza 1985, wavulana kwa wasichana, wakifuma kwa spoki za baiskeli kwa sababu sindano zilikuwa ghali. Wale wanaonicheka kwamba kufuma ni kwa wasichana, waulizeni baba zenu.

Miaka ya sitini ndipo Kisumu ikapata kiwanda chake, Kisumu Cotton Mills, KICOMI. Hatimaye pamba ikasokotwa na kuwa kitambaa hapa hapa. Ukikaa na mzee yeyote wa Kisumu dakika kumi, KICOMI itatajwa: king'ora, zamu za usiku, mishahara, maduka yaliyojaa mwisho wa mwezi. Msimu wa 1984/85 Kenya ilitoa karibu marobota 70,000 ya pamba, na haijawahi kurudi pale. Miaka ya tisini KICOMI ikafungwa.

Nani aliua? Wasee wote watakuambia mitumba. Serikali ilifungua milango mwanzoni mwa miaka ya tisini, nguo za bei ya kutupa zikamwagika, kiwanda kikazama. Ni nusu ya ukweli, na nimechoka kuisikia kama ukweli mzima. Nilimuuliza Dani aling'oa pamba yake lini kule Uyoma. Akasema kabla hajaona mtumba wowote. Alikuwa amepeleka pamba kwa ushirika fulani, akapewa karatasi, akangoja pesa msimu mzima. Msimu uliofuata akapeleka tena, akapewa karatasi nyingine. Wa tatu akapanda mahindi. Na hakuwa peke yake, malipo ya kuchelewa yaliwafukuza wakulima nchi nzima. Mtumba ulipofika, ulikuta mgonjwa tayari kitandani.

Rivatex ya Eldoret nayo ilianguka, ikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, ikazinduliwa upya 2019. Nawatakia heri. Lakini mashine unaweza kuziagiza kwa mkopo. Mtu aliyeng'oa pamba yake huwezi kumwagiza.

Sasa skafu. Nilipata uzi, na nilipoupata nilicheka peke yangu, juu niliupata kwenye mtumba. Hapo hapo Kibuye, kwenye rundo la sweta, nikapata moja kubwa ya kiume, rangi ya maziwa, lebo imeandikwa pamba asilimia 100. Soo mbili baada ya kuvutana bei. Kile kinacholaumiwa kwa kuua pamba yetu ndicho kimeniletea pamba.

Ukitaka kufanya hivi, geuza sweta uangalie mishono ya ubavuni. Ikiwa imepigwa ovaloki, iache, uzi umekatwa kila mstari na utatoka vipande vipande. Tafuta ile vipande vyake vilifumwa kando kisha vikaunganishwa, mshono unafunguka kama mnyororo. Fumua kutoka juu, zungushia mgongo wa kiti, funga sehemu nne usije ukapata fundo la maisha, osha, kisha tundika na kitu kizito kidogo kwa chini ili mikunjo inyooke. Na uangalie unene: wa mashine ni mwembamba, mimi nilishika nyuzi tatu pamoja.

Siku nne nilifumua, wiki mbili nikafuma. Dani aliipokea, akaisugua kwa kidole gumba na cha shahada, vile mtu hupima unga.

"Hii ni pamba," akasema.

"Ndiyo, Dani."

"Ya wapi?"

Nikamwambia ukweli, ni ya mtumba, nimefumua sweta ya mzungu. Akaivaa, akaivuta hadi mdomoni, akanyamaza kidogo. Kisha akauliza kama kuna sweta nyingine kwenye lile rundo, juu dada yake pia anakesha matanga ya Jumamosi.