Kujitambua kati ya kidato cha kwanza na cha sita

Mtoto wa Tanzania anayemaliza darasa la saba na kuchaguliwa kujiunga na sekondari kwa kawaida ana miaka 13 au 14. Akifika mwisho wa kidato cha sita ana miaka 19 au 20. Katikati hapo mwili umebadilika, sauti imebadilika, lugha ya darasani imebadilika, na kwa wengi hata mahali pa kulala pamebadilika. Na katikati ya yote hayo kuna fomu za kujaza.

Kwa miaka hiyo sita shule humuuliza kijana, kwa njia moja au nyingine, yeye ni nani. Humuuliza anapochagua masomo ya kuendelea nayo, anapochagua tahasusi, na kila mara matokeo yanapobandikwa ukutani. Shida ni kwamba maswali hayo huja kabla ya nafasi ya kuyajibu. Kijana hutakiwa kuchagua kabla ya kujaribu, na mengi anayokuja kuamini kuhusu nafsi yake ni habari za shule aliyosoma kuliko habari zake mwenyewe.

Wataalamu wanasemaje

Jina linalotajwa zaidi katika mada hii ni la Erik Erikson, mwanasaikolojia aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1902 na kuhamia Marekani. Katika kitabu chake cha mwaka 1950 aliyagawa maisha ya mwanadamu katika hatua nane, na hatua ya ujana akaipa kazi moja kubwa: kujenga utambulisho, au kubaki katika mkanganyiko. Suala hili alilijua kutoka ndani. Hakumfahamu baba yake mzazi, na jina Erikson alijichagulia mwenyewe akiwa mtu mzima.

Mwaka 1966 mwanasaikolojia mwingine, James Marcia, aliirahisisha hoja hiyo kwa maswali mawili. Je, kijana amejaribu njia mbalimbali? Na je, ameshika njia fulani? Kutokana na majibu alipata makundi manne. Wapo ambao hawajajaribu wala hawajashika lolote. Wapo wanaojaribu bado, leo muziki, kesho uanasheria, na hao ndio huwachosha wazazi. Wapo waliojaribu kisha wakashika. Kundi la nne ndilo la kuangaliwa kwa makini: walioshika bila kujaribu. Ni yule mtoto aliyeitwa "daktari" na baba yake tangu ana miaka mitano, na ukimuuliza atakuwa nani hujibu hapo hapo bila kusita. Wageni humsifu kwa kujitambua, ilhali ndani ya nyumba hiyo huenda yeye ndiye ambaye hajawahi kujiuliza.

Kijana anayebadilisha mawazo kila muhula, kwa kipimo hiki, hajapotea. Yuko kazini.

Lugha inapobadilika

Katika shule za msingi za serikali masomo hufundishwa kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza lugha hugeuka kuwa Kiingereza, na sera ya elimu iliyorekebishwa mwaka 2023 haikubadilisha hilo. Wiki za mwanzo hutengwa kwa kozi ya kumwandaa mwanafunzi, kisha fizikia, historia na jiografia huanza kwa lugha ambayo wengi wameisoma kama somo tu, vipindi vichache kwa wiki.

Gharama ya badiliko hili kwa ufaulu imejadiliwa sana. Gharama yake kwa jinsi kijana anavyojiona haijadiliwi vya kutosha. Mtoto aliyekuwa akinyoosha mkono darasa la saba, aliyetumwa na mwalimu kuwasomea wenzake, huingia kidato cha kwanza na kunyamaza. Hajui aseme vipi "sijaelewa hapo kwenye hatua ya pili". Akijaribu, wenzake wanacheka. Baada ya muhula mmoja au miwili amezoea kukaa nyuma, na ameanza kujiambia kuwa kumbe hakuwa na akili. Shule ya msingi ilikuwa rahisi tu. Ukweli ni kwamba akili yake iko pale pale, kilichopungua ni maneno. Lakini katika umri wa miaka 14 ni vigumu sana kutenganisha mambo hayo mawili, na baadhi ya shule humzidishia ugumu kwa kuwaadhibu wanaokutwa wakizungumza Kiswahili.

Ndiyo maana inafaa kumtazama mwanafunzi huyo huyo katika kipindi cha Kiswahili. Kwa miaka mingi wanafunzi wa sekondari wamesoma riwaya ya Takadini ya Ben Hanson, inayohusu mama anayekimbia jamii yake ili kumwokoa mwanawe mwenye ualbino. Uliza darasa kama mama yule alitenda sawa, na waliokuwa kimya kwenye jiografia asubuhi wataanza kubishana mpaka kengele ilie. Mwalimu anayetaka kumjua mwanafunzi wake halisi anaweza kumpata hapo. Mzazi naye, akiona alama za kidato cha kwanza zimeshuka ghafla, afanye jambo moja kabla ya kukasirika: amwombe mtoto aeleze kwa Kiswahili alichofundishwa. Akieleza vizuri, tatizo ni la lugha, na lugha hujifunzwa.

Mwili na aliyekuwa akiufundisha

Kubalehe kulikuwa na walimu wake. Pwani na kusini mwa Tanzania, jando na unyago viliwatenga vijana kwa muda, chini ya kungwi au somo, na waliporudi jamii nzima ilijua kuwa wamevuka. Si yote yaliyofundishwa huko yanayofaa kutetewa. Baadhi yaliwasukuma wasichana kwenye ndoa kabla ya wakati. Lakini palikuwa na mtu mzima mmoja, asiye mzazi, mwenye kazi inayojulikana ya kujibu maswali ambayo mtoto hawezi kumuuliza mama yake.

Shule imeuchukua muda ule, lakini kazi ile haikuibeba yote. Shule hutakiwa kuwa na mwalimu wa ushauri na unasihi, ambaye mara nyingi ni mwalimu wa somo jingine mwenye vipindi vyake kamili na madaftari yanayomsubiri. Msichana aliyechafua sketi kwa hedhi kipindi cha pili hana ofisi ya kwenda, basi anaomba ruhusa ya kurudi nyumbani na kusema kichwa kinamuuma.

Kwa wasichana kosa moja au dhuluma moja iliwahi kutosha kulijibu swali la "wewe ni nani" moja kwa moja: aliyepata ujauzito alifukuzwa. Novemba 2021 serikali ilitangaza kuwa wanaoacha shule kwa sababu hiyo wanaweza kurudi katika mfumo rasmi. Mlango huo uko wazi. Kuupita ni jambo jingine, kwa sababu mama wa miaka 17 anayerudi kukaa dawati moja na wadogo zake huhitaji mtu wa kumlelea mtoto na mwalimu mkuu asiyemfanya kuwa mfano kwenye mstari wa asubuhi.

"Mimi si mtu wa hesabu"

Kwa utaratibu ambao wengi wa wasomaji wetu wameupitia, mwisho wa kidato cha pili kuna upimaji wa taifa, na asiyefikia kiwango hurudia. Anayepita huingia kidato cha tatu, na hapo hutokea jambo ambalo linastahili muda mrefu kuliko linavyopewa: mwanafunzi anaweza kuacha fizikia na kemia na kuendelea na masomo ya sanaa, au kubaki mchepuo wa sayansi. Ni uamuzi wa dakika chache unaofunga vyuo vizima miaka kadhaa baadaye.

Anauamua kwa kutumia nini? Kwa alama zake za miaka miwili. Na alama hizo zimetoka wapi? Shule za sekondari za kata zilienea nchini kupitia mpango ulioanza mwaka 2004, na zilifanya jambo kubwa: zilimpa nafasi ya sekondari mtoto ambaye zamani angeishia darasa la saba. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa kuanzia Januari 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Lakini majengo yalikua haraka kuliko walimu, hasa wa sayansi na hesabu. Kwa hiyo kuna mwanafunzi ambaye amekuwa bila mwalimu wa fizikia kwa mihula, ameona maabara kwa nje tu, amepata alama za chini, na akajaza kwamba anakwenda sanaa. Ukimuuliza sababu hatakuambia kwamba hakukuwa na mwalimu. Atakuambia, "Mimi si mtu wa hesabu."

Sentensi hiyo watu hutembea nayo hadi uzeeni. Wengi wanaoitamka hawakuwahi kufundishwa somo hilo kwa mwaka mmoja kamili. Anayemsikia kijana akiisema anaweza kumuuliza swali dogo: nani alikuwa anakufundisha, na kwa muda gani? Jibu halimrudishii fizikia, lakini linamwondolea uongo kuhusu nafsi yake, na huenda likamfanya atafute masomo ya likizo kabla fomu haijafungwa.

Nje ya darasa

Kwa wengi majaribio yenyewe hufanyika saa kumi jioni. Mashindano ya UMISSETA, kwaya, skauti, mdahalo, shamba la shule, hata zamu ya kugawa uji: hapo ndipo mtu hugundua kwamba anaweza kupatanisha waliogombana, au kwamba hapendi kabisa kuamrisha watu ingawa amechaguliwa kiranja. Bweni nalo ni shule ndani ya shule. Mtoto aliyekuwa wa pekee kwao hujifunza kulinda sabuni yake na kushiriki sukari yake ndani ya wiki moja. Wapo wanaovunjika huko pia, kwa kuonewa na kwa upweke, na barua ya "nimezoea" inayofika nyumbani haitoshi kuwa ushahidi. Siku ya wazazi kutembelea, mtoto apewe nafasi ya kutembea na mzazi mbali na wenzake.

Herufi tatu

Kidato cha nne kikiisha huja tahasusi, yale masomo matatu ya kidato cha tano yanayoitwa kwa herufi: PCM, PCB, HGL, HKL, EGM. Wanafunzi hujitambulisha kwa herufi hizo kama vile ni kabila, "mimi ni PCB". Mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi mpya 49, jumla zikawa 65, zikiwemo za michezo, muziki na lugha mbalimbali. Kwa kujitambua hiyo ni hatua njema, maana aliyependa jambo lisilo na herufi zamani alilazimika kujifanya mwingine. Ila tahasusi iliyo kwenye orodha haina maana kuwa iko kwenye shule atakayopangiwa, na mzazi aliyesoma enzi za tahasusi 16 atahitaji kuuliza nyingi kati ya hizo zinaelekea wapi. Uchaguzi wa kwenye selform huruhusiwa kubadilishwa matokeo yakishatoka, kwa muda maalumu unaotangazwa, na wengi huupitisha muda huo bila kujua.

Baraza la Mitihani liliacha mwaka 2023 kutangaza wanafunzi kumi bora na shule kumi bora. Mitaani bado kila mtu anajua divisheni ya mtoto wa jirani kabla ya jua kuzama. Aliyepata sifuri hukaa ndani siku kadhaa, na ndizo siku ambazo hapaswi kuachwa peke yake. Akiwa tayari kusikia, njia zipo: kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, vyuo vya ufundi vya VETA, au vyuo vya maendeleo ya wananchi, ambavyo viko 54 nchini.

Swali linasogea mbele

Mfumo mpya unafupisha elimu ya msingi kuwa miaka sita na kufanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi, hadi kidato cha nne. Mitaala yake ilianza kutumika Januari 2024, na sekondari sasa ina mikondo miwili, wa jumla na wa amali, ambayo mwanafunzi huingia tangu kidato cha kwanza. Mwaka 2027 darasa la mwisho la saba na darasa la kwanza la sita watamaliza pamoja. Januari 2028 wataingia kidato cha kwanza kwa mkupuo mmoja, na wadogo kati yao, wenye miaka 12, wataulizwa kama wao ni watu wa vitabu au wa ufundi.