Mtihani wa Mfamasia na Thamani ya Neno "Sina"

Msimu wa mitihani ya usajili ukikaribia, vijana waliohitimu shahada ya ufamasia hubadilika sura. Miaka minne au mitano ya darasani imekwisha, mwaka wa mafunzo kazini nao unakatika, na sasa mbele yao limebaki lango moja. Nchini Kenya lango hilo linalindwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Kwetu Tanzania, mamlaka ya kusajili wafamasia yamo mikononi mwa Baraza la Famasi kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2011. Mimi si mfamasia. Kazi yangu ni kufundisha historia. Hata hivyo hukutana na vijana hawa maktabani, na swali linalowashughulisha huwa ni lile lile: maswali ya miaka iliyopita yanapatikana wapi?

Siwalaumu. Mtu anayelikabili lango hutafuta ufunguo. Lakini mwanahistoria ana udadisi wa aina nyingine. Hujiuliza: ni nani aliyelijenga lango hili, na alikuwa anamzuia nani asipite? Nimelifuatilia swali hilo kwa muda, na jibu nililolikuta linafaa kumfikia kila anayejiandaa kwa mtihani huo, na kila anayeutunga. Mtihani wa mwanzo kabisa wa wauza dawa ambao habari zake zimetufikia haukupima wingi wa maarifa. Ulipima kama mtu anaweza kutamka neno moja fupi: "Sina."

Turudi Baghdad ya karne ya 9. Wakati huo mji ule ulikuwa kitovu cha elimu na biashara, na uuzaji wa dawa ulikwisha kuanza kujitenga na kazi ya tabibu ukawa taaluma inayojitegemea. Mwandishi wa wasifu wa matabibu, Ibn Abi Usaybi'a, aliyefariki mwaka 1270, ametuhifadhia kisa cha Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia 813 hadi 833. Khalifa aliambiwa kwamba mwuza dawa haulizwi kitu akasema hana. Chochote utakachokitaja atakwambia anacho, kisha atakupa kile kilicho karibu na mkono wake. Basi ikabuniwa hila. Likachaguliwa jina ambalo si la dawa hata kidogo, bali ni la kitongoji kilichokuwa karibu na Baghdad, watu wakatumwa madukani kuuliza dawa yenye jina hilo. Wauzaji wote walikuwa nayo! Mmoja akatoa mbegu, mwingine kipande cha jiwe, mwingine manyoya. Wote wakapokea fedha.

Miaka michache baadaye, amiri jeshi al-Afshin alikuwa vitani dhidi ya waasi wa Babak, katika vita vilivyokwisha mwaka 837. Kambini mwake walikuwamo wauza dawa, naye akasimuliwa kisa hicho. Akaagiza daftari la majina ya kwao Usrushana, yakachaguliwa kama ishirini, watu wakatumwa kuyauliza kana kwamba ni dawa. Waliosema wanazo walifukuzwa kambini. Waliokiri kwamba hawazijui na hawana, hao ndio waliopewa hati ya kuendelea na kazi.

Kwa desturi ya taaluma yangu, sina budi kutoa tahadhari. Kisa hiki kiliandikwa miaka kama 400 baada ya tukio, na visa vilivyopita midomo mingi hupata marashi njiani. Lakini hata tukikisoma kwa tahadhari, kinatuonesha watu wa zama hizo waliliona tatizo wapi. Ujinga peke yake haukuwatisha sana, kwa maana mjinga anayejijua huuliza, na kuuliza si ujinga. Walichokiogopa ni ujinga uliovaa joho la ujuzi, ukasimama nyuma ya meza na kupokea fedha.

Karne moja baadaye, mwaka 931, Khalifa al-Muqtadir alipata habari kwamba mgonjwa mmoja amefariki kwa kosa la tabibu. Aliamuru pasiwe na mtu atakayetibu Baghdad mpaka amepimwa na Sinan ibn Thabit. Watu zaidi ya 860 walipita mbele ya mtahini huyo. Hawa walikuwa matabibu, si wauza dawa, lakini kuna jambo ndani ya kisa chao linalotuhusu. Inasimuliwa kwamba alikuja mzee mmoja mwenye haiba, akaweka dinari mbele ya Sinan na kukiri kwamba hajui kusoma wala kuandika, ila ana familia inayomtegemea. Sinan alicheka, akamruhusu kwa sharti: asimguse mgonjwa katika jambo asilolijua, wala asitoe damu au dawa kali ya kuharisha ila kwa maradhi mepesi. Mzee akajibu kwamba huo ndio uliokuwa mwendo wake maisha yote. Hakuwahi kuvuka sharubati.

Msomaji wa leo atauona mkoba wa dinari na kusema: rushwa. Ana haki ya kusema hivyo. Lakini asiishie hapo. Ndani ya kisa hicho mna wazo zito la utawala: kwamba mtihani si wa kusema ndiyo au hapana tu, bali pia ni wa kuchora mpaka. Fulani afanye haya, na hapa akome.

Sasa tuvuke karne nyingi hadi Uingereza, kwa sababu mtihani wa mfamasia tuliourithi Afrika Mashariki ulikuja kwa njia hiyo. Chama cha wafamasia kiliundwa London mwaka 1841, Jacob Bell akiwa miongoni mwa waasisi wake. Sheria ya mwaka 1852 ililinda cheo cha waliofaulu mitihani ya chama hicho, lakini haikumzuia mtu mwingine yeyote kufungua duka na kuuza dawa na sumu. Lango lilijengwa pasipo ukuta. Aliyetaka alizunguka tu.

Mwishoni mwa Oktoba 1858, katika mji wa Bradford, gharama ya uwazi huo ilionekana. Mtengeneza peremende, Joseph Neal, alikuwa na desturi iliyoenea wakati ule ya kupunguza sukari, iliyokuwa ghali, kwa kuchanganya unga wa bei nafuu kama jasi. Alimtuma mtu kwenye duka la dawa la Charles Hodgson, huko Shipley. Mwenye duka alikuwa mgonjwa, na aliyehudumia ni msaidizi wake, William Goddard. Aliambiwa kwamba unga huo umo katika pipa lililo kwenye kona. Akaenda kwenye pipa alilodhani ndilo, akapima ratili 12, yaani zaidi ya kilo 5. Ulikuwa ni unga wa arseniki. Peremende zikapikwa, zikauzwa sokoni, na watu wapatao 20 wakafa, wengi wao watoto. Zaidi ya 200 waliugua. Watu watatu walishtakiwa, na hakuna aliyetiwa hatiani.

Tulitazame pipa lile kwa makini. Unga mweupe kando ya unga mweupe, na kijana ambaye angeweza kusema, "Sina hakika, ngojeni mwenye duka apone." Hakusema. Na sheria ya nchi ilikuwa haijamtaka awe mtu anayejua kwamba anapaswa kusema hivyo.

Miaka 10 baadaye ilikuja Sheria ya Famasia ya 1868. Si haki kusema kwamba ilizaliwa na Bradford peke yake; nyuma yake palikuwa pia na juhudi za miaka mingi za wafamasia kutaka hadhi na ulinzi wa biashara yao. Lakini tangu hapo, aliyetaka kuingia upya katika kazi ya kuuza sumu zilizoorodheshwa alilazimika kufaulu mtihani na kusajiliwa. Mtahiniwa alianza na Kilatini, Kiingereza na hesabu; kisha alitahiniwa katika kusoma vyeti vya daktari, kuchanganya dawa, botania, kemia na kutambua malighafi za dawa. Mara zikazuka shule za kukaririsha, na malalamiko yakafuata kwamba vijana wanafaulu bila kuelewa. Kwa hiyo ndugu zangu wa maktabani wasijidhani kuwa wa kwanza: biashara ya maswali yaliyopita inakaribia kuwa na umri sawa na mtihani wenyewe.

Sheria hiyo ina upande mwingine ambao sipendi tuufiche. Kila lango lina mlinzi, na mlinzi ana mapendeleo yake. Wale waliokwisha kuwa na maduka waliandikishwa bila mtihani, kana kwamba umri wa duka ni ushahidi wa ujuzi. Wanawake kwa upande wao walikutana na ukuta wa aina nyingine. Fanny Deacon alifaulu na kusajiliwa mwaka 1870. Isabella Clarke na Rose Minshull walifaulu mitihani ile ile waliyofanya wanaume, lakini chama kilikataa mara kwa mara kuwapokea kama wanachama, mpaka mwaka 1879. Hapo swali halikuwa tena kama mgonjwa atakuwa salama. Lilikuwa ni nani anaruhusiwa kukaa mezani.

Huu ndio ukweli wa historia ya mtihani huu: una wazazi wawili. Mmoja ni kaburi, mwingine ni chama cha wenye kazi. Kaburi linadai mgonjwa alindwe. Chama kinadai mwanachama alindwe. Mara nyingi wazazi hao hupatana, lakini wanapogombana, raia ana haki ya kuuliza mtoto amefuata upande upi.

Sisi tuliurithi mtihani kabla ya kuwa na shule yake. Katika enzi za ukoloni Mwafrika aliweza kuwa dresa au kumsaidia mtoa dawa, akafunga vidonda na kuhesabu vidonge, lakini masomo ya shahada ya ufamasia yalianza Dar es Salaam na Nairobi mwaka 1974, zaidi ya muongo mmoja baada ya uhuru. Katika nchi yenye wafamasia wachache na vijiji vingi, mwananchi hakusubiri mwenye shahada. Alikwenda duka la dawa baridi, akahudumiwa na yeyote aliyekuwapo. Mwaka 2003 ulianza mkoani Ruvuma mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu: wahudumu wakafunzwa, maduka yakakaguliwa, na ikawekwa orodha ya dawa wanazoruhusiwa kuuza. Nikisoma habari za mpango huo humkumbuka Sinan na mzee wa sharubati. Kwamba asiye mfamasia apewe nafasi, lakini achorewe mpaka.

Mpaka, hata hivyo, haulindwi na karatasi. Unalindwa na mtu aliye nyuma ya meza, saa moja jioni, mteja anapotaka vidonge vinne vya antibayotiki kwa sababu fedha aliyonayo inatosha vinne tu, au anapotaja jina la dawa aliyoelekezwa na jirani. Neno jepesi kuliko yote wakati huo ni "ipo." Linaleta fedha, linamridhisha mteja, wala halimgombanishi mtu na mwenye duka. Matokeo yake hayaonekani jioni ile. Yanaonekana baadaye, pale dawa iliyokuwa ikiponya inapoacha kuponya, na usugu wa vimelea unapogeuka kuwa tatizo la taifa. Pipa la Bradford liliua kwa siku chache. Hili letu linaua polepole, na kwa hiyo halina siku ya kuombolezwa.

Kwa hiyo nawaambia vijana: someni maswali yaliyopita, hakuna ubaya. Karirini vipimo vya dozi, kwa maana mgonjwa hataki mfamasia anayebahatisha. Lakini kwa kila dawa mnayoisoma, jiulizeni pia: ni lini nitakataa kuitoa, na nitamwambiaje mtu aliye mbele yangu ili aelewe asione amefukuzwa? Anayeweza kujibu hilo yuko tayari, hata kama jina la mmea fulani litamponyoka.

Na kwa watunga mitihani nina ombi. Waweke ndani ya karatasi zao jina moja la Usrushana. Watunge swali ambalo jibu lake sahihi ni kukiri kutojua, au kumrudisha mgonjwa kwa daktari, au kumpigia simu aliyeandika cheti. Mtihani unaotoa alama kwa kila jibu lililojazwa, na sifuri kwa kila nafasi iliyoachwa wazi, unamfundisha kijana kwamba daima ni heri kubuni kuliko kunyamaza. Darasani fundisho hilo humgharimu alama. Dukani atakayelilipia ni mtu mwingine.