Sherehe za Kitamaduni na Miezi Yake: Panga Safari Kutoka Kiminini, na Ujue Pa Kuzima Kamera

Kila Aprili simu yako hujaa video za Thailand, watu wakimwagiana maji barabarani. Hiyo ni Songkran, mwaka mpya wao wa kitamaduni, tarehe 13 hadi 15 Aprili. Wageni huifuata kutoka pande zote za dunia, na 2023 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya turathi zake. Poa sana. Lakini cheki hii: ukisimama Kiminini, uko karibu na sherehe ambazo wengi wetu tumezizoea hadi hatuzioni tena. Kitu tunakosa ni kalenda. Hii hapa.

Agosti, mwaka shufwa: tohara ya Babukusu

Babukusu hutahiri vijana kwa miaka inayogawanyika kwa mbili: 2024, 2026, 2028, hivyo hivyo. Mwezi mkubwa ni Agosti, shule zikiwa zimefunga. Ukishuka na barabara ya Webuye kupitia Kamukuywa, au ukikata kwenda Kimilili na Chwele, utaisikia kabla hujaiona.

Inaanza na kijana kuzunguka kwa jamaa akigonga chinyimba, zile njuga za chuma, akiwaalika. Lazima afike kwa mjomba, khocha. Hapo ng'ombe huchinjwa na kijana huvishwa luliki, kipande cha nyama ya kidari, shingoni. Usiku watu hukesha, nyimbo na busaa. Alfajiri anapelekwa mtoni, anapakwa tope mwili mzima, halafu anarudishwa nyumbani kwa wimbo wa sioyaye huku umati ukikimbia naye. Anasimama kwenye boma la babake mbele ya mkhebi, yule mtahiri. Hafai kupepesa hata jicho. Baadaye huja mafunzo ya wazee, na miezi kadhaa mbele kuna sherehe ya kutoka, vijana wakirudi kwa jamii kama wanaume.

Kila kijana huingia kwenye rika. Yako manane, kama Kolongolo, Maina na Nyange, na majina hayo huzunguka kizazi hadi kizazi. Ndio maana ukimuuliza mzee rika lake, amekupa umri wake na historia yake kwa neno moja.

Hapa ndio pa kuzima simu

Sikiza vizuri. Hii si shoo. Hakuna tiketi, na yule kijana hayuko kazini kukuburudisha. Mara nyingi ni mtoto wa chini ya miaka 18, na akitoka mtoni hana nguo.

Nina binamu aliyepitia 2022. Alisimama imara, familia ikafurahi. Wiki hiyo hiyo video yake ikaanza kuzunguka kwa magrupu ya WhatsApp. Mtu mmoja kwenye umati aliirekodi tu, akatuma, akasahau. Binamu yangu hakusahau. Shule zilipofunguliwa alikataa kurudi wiki mbili nzima, kwa sababu kila mtu darasani alikuwa ameiona. Siku aliyopaswa kukumbuka kwa fahari ikageuka kitu cha kuchekwa.

Kwa hivyo, sheria za msafiri ni hizi:

- Fika na mtu wa familia au jirani anayejulikana. Salimia wazee kwanza. Neno ni "mulembe", na jibu ni "mulembe".
- Unaweza kuomba kurekodi nyimbo na ngoma za mkesha. Omba mwenye boma, si kijana mwenzako pale nyuma.
- Mtoni na wakati wa kisu, simu mfukoni. Hakuna mjadala.
- Ukitumiwa video ya namna hiyo, ikufie hapo kwako.
- Ukiona umati unamsaka mtu ambaye hajatahiriwa ili wamlazimishe, usicheke, na usifuate. Huo si utamaduni, ni uhalifu. Sheria ya Watoto ya 2022 inakataza kumtahiri mvulana kwa nguvu.

Agosti hiyo hiyo, ng'ambo ya mpaka: Imbalu

Bamasaba wa Uganda, wanaoitwa pia Bagisu, ni ndugu wa Babukusu, na wao pia hufuata mwaka shufwa. Imbalu hufunguliwa rasmi kwenye uwanja wa Mutoto, nje kidogo ya Mbale. Ngoma ya kadodi ikianza, kiuno hakiulizi ruhusa. Vuka kupitia Lwakhakha au Malaba, na beba stakabadhi zako, usiingie kwa njia ya panya juu ya nduthi. Sheria za kamera ni zile zile.

Wikendi na Desemba: fahali wa Kakamega

Waisukha na Waidakho hupiganisha fahali, sana sana Jumamosi asubuhi na siku za sikukuu, maeneo ya Khayega, Shinyalu na Malinya. Ni fahali kwa fahali, hakuna mtu na kitambaa chekundu. Anayekimbia ameshindwa, basi. Fika mapema, maana mambo huanza asubuhi na huisha haraka. Simama mahali una pa kukimbilia, kwa sababu fahali aliyeshindwa hachagui njia.

Pale pale utasikia isukuti, ngoma ya jamii hizo mbili. 2014 UNESCO iliiandika kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Maana yake ni kwamba wanaojua kuipiga wanazidi kuzeeka na vijana hawashiki mikoba yao. Hapo ni mimi na wewe tunatajwa.

Mavuno: Shoo ya Kitale

Mahindi ya Trans Nzoia hupandwa Machi na Aprili, na huvunwa kuanzia Oktoba. Shoo ya Kilimo ya Kitale kwa kawaida huja msimu huo, karibu mwisho wa Oktoba au mwanzo wa Novemba. Ng'ombe wa gredi, trekta, bembea, na mbogi yote ya shule ya msingi uliyoisahau. Kwa mfuko mwembamba, hii ndio ya karibu kabisa.

Ukiwa na doo na siku kadhaa

- Lodwar: tamasha la Tobong'u Lore la Waturkana. Jina hilo hubeba maana ya karibu tena nyumbani. Unapanda gari Kitale kupitia Kapenguria. Tarehe huhama, kwa hivyo ngoja tangazo la kaunti kabla ya kulipa chochote.
- Lamu: Maulidi, mwezi wa kuzaliwa Mtume. Hufuata mwandamo wa mwezi, hivyo husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka. Kuna mashindano ya punda pia. Vaa kwa heshima.
- Zanzibar: Sauti za Busara, Februari, Mji Mkongwe. Na Julai, Mwaka Kogwa kule Makunduchi, ambapo wanaume hupigana kwa migomba kumaliza kinyongo cha mwaka mzima.

Kabla hujatoka keja

Desemba nauli hupanda, kwa hivyo uliza bei kabla ya kukaa kwa mat. Agosti milimani ni mvua na tope, acha zile ndula nyeupe nyumbani. Ukialikwa mkesha, usiende mikono mitupu: sukari, majani ya chai au mchango kidogo unatosha. Ukipewa chakula, kula.

Na kama Agosti ya mwaka shufwa itakukuta barabara ya Kamukuywa, matope, njuga na umati ukija mbio upande wako, sogea kando, wapishe. Imba kama unajua wimbo. Yule kijana wa katikati atakumbuka waliokuwepo.